Kompyuta alikuwa, siyo ilikuwa

Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika juzi kwamba "kompyuta" ni jina la mashine tangu lilipozaliwa, na kwamba sisi tunaolitamka badala ya tarakilishi (au ngamizi, kwa wanaolikumbuka) tumeazima jina la chombo pamoja na chombo chenyewe. Na tarakilishi sina ugomvi. Wakenya wamelifundisha shuleni na linaeleweka. Ila hilo la kuzaliwa si kweli.

Waingereza walimwita hivyo binadamu kwa zaidi ya miaka 300. Lilichapishwa mwaka 1613 likimtaja mtu apigaye hesabu, na hata mwanahisabati Alan Turing alipoandika mwaka 1936 makala yake maarufu kuhusu mashine za kukokotoa, kompyuta anayemzungumzia humo bado ni mtu aliyeinamia karatasi. Kwa Kiswahili tungeshtuka mapema, maana neno lingehama ngeli: leo kompyuta huyu, kesho kompyuta hii. Kiingereza hakina ngeli za namna hiyo, kwa hiyo neno lilihama kimyakimya.

Nilifundisha hesabu miaka mingi, enzi za vitabu vya logi, yaani majedwali ya tarakimu zilizokwisha kukokotolewa, na sikujiuliza hata siku moja ni nani aliyezikokotoa tarakimu zile. Walikuwa watu kama wale wa almanaki ya mabaharia ya Uingereza, kitabu cha kila mwaka cha kuongozea meli, ambacho toleo lake la kwanza lilikuwa la mwaka 1767. Kompyuta wake walikaa makwao wakikokotoa nafasi za mwezi, kisha wakatuma kazi kwa posta. Hesabu ileile walipewa wawili, kila mmoja kivyake, halafu mtu wa tatu akalinganisha majibu. Mmoja wao alikuwa Mary Edwards wa mji wa Ludlow, mama aliyeiendesha familia yake kwa kazi hiyo.

Wanawake ndio waliokuja kuijaza kazi hii, na sababu mojawapo, tusifichane, ni kwamba walilipwa kidogo. Katika kituo cha kutazama nyota cha Harvard, Marekani, Edward Pickering aliajiri kundi zima lao kwa senti 25 hivi kwa saa. Williamina Fleming aliingia humo akiwa mtumishi wa ndani wa Pickering, akaishia kupanga maelfu ya nyota katika makundi. Henrietta Leavitt naye alichunguza nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu, akapata kanuni ambayo wanasayansi wameitumia kupimia umbali wa angani. Hawa wote ni kompyuta, kwa maana halisi ya neno siku zile.

Mashine zilipokuja miaka ya 1940 zilirithi cheo cha watu hao. Wanawake sita waliopewa kazi ya kuiandalia programu ENIAC, mojawapo ya mashine hizo za kwanza, kule Philadelphia walikuwa wenyewe wameajiriwa kama kompyuta. Mwaka 1962, mwanaanga Mmarekani John Glenn alipokaribia kurushwa kuizunguka dunia, mashine ilikuwa imeshakokotoa njia yake. Akataka Katherine Johnson, mwanamke mweusi aliyeanza kazi kama kompyuta, azirudie hesabu zile kwa mkono kwanza. Hapo kompyuta huyu aliisahihishia kompyuta hii.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandika vitabu vya TEHAMA waongeze sentensi moja tu juu ya hao walioitwa hivyo kabla ya mashine. Haitamaliza wino.

Na tusidhani maneno yanahama kwa Waingereza peke yao. Kikokotoo nilikijua kama kidude cha kubonyeza tarakimu, nikawanyang'anya wanafunzi wengi kwenye mtihani. Siku hizi nikilitamka neno hilo kijiweni, hapa Tanzania, wastaafu wenzangu hawaulizi kidude kiko wapi. Wanauliza ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, inayoitwa hivyo, imenikata asilimia ngapi.

Mwalimu mstaafu wa hesabu,
Morogoro