Bibi yake gavana

Cape Town, Jumapili usiku

Mpendwa dada Rehema,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Mimi na watoto tu wazima, hofu ni kwenu huko Pangani. Naomba radhi kwa miezi saba ya kimya. Sababu zake nitakueleza siku nyingine, kwa kuwa leo nimekaa kukuandikia kwa jambo moja tu. Alhamisi Hamisi alinipigia simu akaniambia kwamba Bibi Mwanaidi ameanguka tena na sasa haondoki kitandani. Tangu nilipoipata habari hiyo nimekuwa nikimfikiria yeye pamoja na mtu asiyemhusu kwa lolote, Mholanzi mmoja aliyefariki mwaka 1712. Nivumilie nikueleze.

Ulipokuwa ukiandaa somo la Kidato cha Pili juu ya Waholanzi wa Rasi, yaani Rasi ya Tumaini Jema huku Cape Town, uliniuliza huyu Simon van der Stel alikuwa mtu wa namna gani, nami nikakujibu kwa mstari mmoja kwamba alikuwa gavana, alianzisha Stellenbosch na alipenda mizabibu. Jibu lile halikutosha. Juma lililopita nilikwenda Groot Constantia, nyumba iliyojengwa katika shamba lake, na niliyoyasoma baada ya hapo yamenikosesha usingizi.

Simon alizaliwa baharini. Ilikuwa tarehe 14 Oktoba 1639, ndani ya meli iliyokuwa ikielekea Morisi, ambako baba yake, Adriaan van der Stel, alikuwa akienda kushika ukamanda wa kisiwa kwa niaba ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Adriaan ndiye aliyepeleka kulungu wa Java kule Morisi, na ndiye aliyeagiza watumwa kutoka Madagaska. Mwaka 1646 aliuawa Ceylon, Sri Lanka ya leo, na askari wa mfalme wa Kandy, Simon akiwa hajatimiza miaka saba. Lakini si baba aliyenisimamisha. Mama yake Simon aliitwa Maria Lievens, naye alikuwa binti wa nahodha wa Kiholanzi na mwanamke wa Kihindi aliyewahi kuwa mtumwa. Mwanamke huyo anaandikwa Monica wa Pwani, yaani pwani ya India.

Tazama jina hilo, dada. Monica ni jina la ubatizo alilopewa na wengine, na Pwani ni mahali alipotolewa. Jina alilopewa na mama yake mzazi halimo. Basi, gavana ambaye jina lake limebandikwa Stellenbosch na Simon's Town alikuwa na bibi mzaa mama aliyekuwa mtumwa.

Simon alilelewa Batavia, Jakarta ya leo, akapelekwa Uholanzi akiwa kijana wa miaka 20, na mwaka 1663 akamwoa Johanna Jacoba Six huko Amsterdam. Alipoteuliwa kuwa kamanda wa Rasi mke wake hakufuatana naye. Aliyesafiri ni wanawe na shemeji yake Cornelia, na mume na mke hawakuonana tena mpaka mauti. Alitia nanga Rasi mwezi Oktoba 1679, na mwezi uliofuata tu alikuwa amekwisha kupiga hema kwenye kisiwa cha mto na kukiita kwa jina lake. Mwaka 1685 aliongoza msafara mrefu kwenda kaskazini kutafuta shaba katika nchi ya Wanama. Watoto wako wa darasani wataipenda safari hiyo, na mashimo aliyochimbisha bado yanaonekana, ila mimi nataka kurudi kwenye mwaka huohuo wa 1685 kwa sababu nyingine.

Mwaka huo alifika Rasi mkaguzi mkuu wa Kampuni, Hendrik van Rheede. Mwezi Julai mkaguzi huyo alimkabidhi Simon ardhi ya Constantia, zaidi ya hekta 750 za mteremko wenye udongo mzuri. Na mwaka huohuo, mkono uleule uliotia saini hati ya shamba uliandika amri kwamba Wazungu wasiwaoe wanawake waliotoka utumwani, isipokuwa wale ambao baba zao walikuwa Wazungu. Nimeisoma amri hiyo mara nyingi na kila mara napiga hesabu ileile: Maria angepita, Monica angezuiwa. Simon alikuwapo. Yeye ndiye aliyekuwa mtawala, na utekelezaji ulikuwa wake. Siwezi kuamini kwamba jina la bibi yake halikumjia kichwani, kwa maana hakuwa mtoto wa kuokotwa. Mama yake alikuwa na mama.

Pale Constantia nilikaa zaidi nyuma ya nyumba kuliko mbele. Mbele ni kuzuri mno, kuta nyeupe na mialoni mikubwa, na mizabibu inashuka kwa mistari hadi macho yanapochoka. Mizabibu ile ya kwanza ilipandwa kwa mikono ya watu waliotolewa Madagaska, India, visiwa vya mashariki na wengine Msumbiji. Baadaye nikaenda mjini kwenye jengo walimolazwa watumwa wa Kampuni, lililojengwa mwaka 1679, mwaka uleule aliofika Simon. Hatua chache kutoka hapo, kwenye uwanja wa kanisa, kuna mawe 11 ya matale meusi ya ukumbusho, mengine yakiwa yamechongwa majina ya watumwa. Mvua ilikuwa imetoka kukatika na maji yalikuwa yamebaki ndani ya herufi. Nilipitisha kidole kwenye majina mpaka ncha yake ikaingia baridi. Majina ya watumwa wa hapa yalikuwa hivyohivyo, fulani wa Bengal, fulani wa Madagaska, wengine wakiitwa kwa jina la mwezi tu, Septemba, Februari. Nilimtafuta Monica nikijua kwamba hakuwahi kukanyaga nchi hii.

Wanawe walipanda vyeo. Willem Adriaan alirithi kiti cha baba mwaka 1699, na mwingine, Adriaan, aliyeitwa kwa jina la babu yake, akawa gavana wa Ambon, kisiwa cha Indonesia ya leo. Ukoo wote ukajishughulisha na kilimo na biashara, hadi walowezi 63 wakatia saini mashitaka ya kwamba Willem na jamaa zake wameliteka soko la divai, nyama na ngano, na mwaka 1707 Kampuni ikamwachisha kazi. Mwalimu, haya ndiyo yanayopewa kurasa nyingi, ugomvi wa wenye mashamba na wenye mashamba zaidi, na Monica anapewa nusu ya sentensi.

Jambo moja litamfurahisha Maalim Shaaban: Sheikh Yusuf wa Makassar alipoletwa hapa uhamishoni mwaka 1694 na wafuasi wake 49, gavana aliyempokea ni huyuhuyu Simon. Nilizuru kaburi la Sheikh na nikawaombea dua wazee wetu wote, Bibi Mwanaidi nikimtaja kwa jina.

Sasa nifikie ombi langu. Unakumbuka mwaka ule wa tanga la mjomba, tulipokuwa tukichambua mchele uani, Bibi alisema kwamba mama wa bibi yake hakuwa mtu wa Pangani, alishushwa jahazini akiwa mtoto, na kwamba jina aliloitwa hapa silo alilokuja nalo? Kisha akasema jina lenyewe. Mama yako akamkatiza, akasema mbele za watu hayasemwi hayo, na sisi tukaendelea kupepeta. Mimi nililisikia jina lile, Rehema, na nimelisahau. Nakumbuka kwamba lilikuwa fupi na kwamba Bibi alilitamka kwa sauti ya chini, zaidi ya hapo sikumbuki kitu. Sikulaumu kimya cha mama yako, kwa maana najua neno mzalia, yaani mtu aliyezaliwa utumwani, lilivyotumika mitaani kuwadhalilisha watu, na wenye watoto wa kuoza walikuwa na hofu yao. Lakini Bibi akiondoka bila kuulizwa, atabaki nani wa kumtaja yule mtoto wa jahazini?

Nakuomba, ukisharuhusiwa na mama, ukae naye asubuhi, wakati akili yake ikiwa imetulia, umuulize polepole na uandike kwa mkono wako. Je, bado anaongea vizuri? Anakutambua? Alishushwa wapi yule mtoto, Pangani yenyewe au Bweni? Alikuwa Myao, Mnyasa, au watu wa wapi? Nani alikuwa bwana wake, na aliachwa huru au alitoroka? Mama yako atakubali, au nimwandikie mimi kwanza? Na wewe, dada, je, wewe ulilisikia jina lile siku ile? Unalikumbuka?

Nijibu upesi, hata kwa mistari miwili.

Akupendaye daima,
Salma