Barua kwa Mwanangu Kuhusu Star Trek ya Zamani

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimenifikia, nasi sote hatujambo. Katika barua yako umeniuliza jambo ambalo sikutaka kulijibu kwa mkato: inakuwaje mtu mzima, anayeweza kujichagulia filamu yoyote ya leo iliyogharimu mamilioni ya dola, bado anairudia tamthilia ya Star Trek ya miaka ya 1960, visa vya wasafiri wa chombo cha angani kiitwacho Enterprise, yenye miamba ambayo kila mtu anaona kuwa si miamba na sayari ambazo anga lake ni kitambaa kilichomulikwa kwa taa ya rangi? Nimelifikiria swali lako kwa makini, kwa sababu tamthilia hii naipenda kwa dhati, na ningependa nawe uipende kwa sababu zinazostahili.

Kwanza ujue ilivyozaliwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzuri wake imetokana na shida zake. Muasisi wake, Gene Roddenberry, alikuwa rubani wa ndege za kivita katika Vita Vikuu vya Pili, kisha akawa polisi mjini Los Angeles kabla ya kugeukia uandishi wa televisheni. Kipindi cha majaribio alichokitengeneza mwanzo kilikataliwa na kituo cha NBC, lakini wakubwa wa kituo hicho wakafanya jambo lisilo la kawaida, wakamwagiza atengeneze kingine. Hatimaye tamthilia ilianza kurushwa nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na ikakoma tarehe 3 Juni 1969, baada ya misimu mitatu na sehemu 79 tu. Msimu wa tatu wenyewe ulipatikana kwa sababu watazamaji waliandika barua kwa wingi kuitetea, na hata hivyo NBC wakaihamishia Ijumaa saa nne usiku, wakati ambao vijana walioipenda zaidi walikuwa wametoka kutembea. Ikafa. Ilipokwisha kufa ndipo vituo vidogo vya televisheni vilipoinunua na kuirusha tena na tena, na watu ambao hawakuwahi kuiona wakaanza kuifuata kama kwamba ni mpya. Mwaka 1976, baada ya wapenzi wake kumwandikia Rais Gerald Ford, chombo cha kwanza cha majaribio katika mpango wa vyombo vya angani vya NASA, shirika la Marekani la safari za angani, kikapewa jina la Enterprise, jina la chombo kinachoongozwa na Nahodha Kirk katika tamthilia.

Wengi wanaoeleza kwa nini haijazeeka hutaja vifaa vyake. Watakwambia kwamba kile kisanduku cha mawasiliano chenye kifuniko kilitangulia simu za mkononi, na kwamba watu wa chombo kile walizungumza na kompyuta kwa sauti nayo ikawajibu. Hayo ni kweli, lakini hayanitoshi. Kifaa kilichobuniwa na mwandishi kikishauzwa madukani hakimshangazi tena mtu, na kama vifaa ndivyo vilivyoibeba tamthilia hii, basi ingezikwa siku ile simu ya kwanza ya mkononi ilipofunguliwa kifuniko.

Mimi naona kilichoidumisha ni kwamba haikuwa na fedha za kutosha kutushangaza, ikalazimika kutushawishi. Hebu fikiri: ile mashine inayomsafirisha mtu kwa kumwyeyusha hapa na kumtokeza kule ilibuniwa kwa sababu kupiga picha za chombo kikitua kwenye sayari mpya kila wiki kungekuwa ghali mno. Milango iliyojifungua yenyewe kwa mlio ule mtamu ilikuwa ikivutwa kwa mikono na mafundi waliojificha nyuma ya ukuta. Katika sehemu iliyorushwa siku ya kwanza, kiumbe wa kisa aliishi kwa kufyonza chumvi ya miili ya watu, kwa hiyo vilihitajika vichupa vya chumvi. Vikanunuliwa vya umbo la ajabu, kisha ikaonekana kwamba hakuna mtazamaji atakayevitambua kuwa ni vya chumvi. Havikutupwa. McCoy, daktari wa chombo cha Enterprise, alikabidhiwa akavitumia kuwa vyombo vya upasuaji. Watu waliofanya kazi katika hali hiyo hawakuweza kuitegemea picha peke yake. Walihitaji maneno yenye uzito, waigizaji wanaoyaamini, na swali linalombakia mtazamaji baada ya taa kuzimwa.

Acha nikuoneshe kwa mfano mmoja, nao ni sehemu iitwayo "The Devil in the Dark", iliyorushwa mwezi Machi 1967. Chini ya ardhi ya sayari moja kuna mgodi, na katika mahandaki yake kuna kitu kinachowaua wachimbaji kwa kuwaunguza kwa tindikali hadi hakuna cha kuzika. Chombo cha Enterprise kinaitwa kusaidia. Nahodha Kirk, ambaye kazi yake ni kulinda maisha ya watu, anaamuru kitu hicho kisakwe na kuuawa. Spock, msaidizi wake ambaye nusu ni binadamu na nusu ni mzaliwa wa sayari ya Vulcan, anadokeza kwamba pengine huyu ni wa mwisho wa jamii yake na kwamba kumuua ni kosa kubwa. Kirk anamsikiliza, lakini hakubali.

Kisha mambo yanageuka kwa namna ambayo hadi leo naistaajabia. Kirk anajikuta peke yake handakini, uso kwa uso na kiumbe yule, na kiumbe amejeruhiwa. Spock, anayemsikia kwa kisanduku cha mawasiliano, anahofia maisha ya rafiki yake na kumsihi apige upesi, yeye yule aliyekuwa akimtetea mnyama. Kirk naye, mwenye silaha mkononi, anaona kwamba kiumbe hamshambulii, na hapigi. Mwandishi hakuwapa wahusika wake misimamo ya kushikilia mwanzo hadi mwisho. Aliwapa woga na upendo, akaviacha viwabadilishe.

Spock anapofika ananyoosha mikono yake kuelekea kwa kiumbe ili aunganishe akili zao, na neno la kwanza linalomtoka ni kilio cha maumivu. Kiumbe, ambaye amejifunza kidogo kutoka kwa Spock, anasogea mwambani na kuunguza maneno ya Kiingereza kibovu yanayoweza kueleweka kwa njia mbili: kwamba anaomba asiuawe, au kwamba anaahidi hataua. Hapo ndipo inapobainika kwamba ile mipira ya mawe ambayo wachimbaji walikuwa wakiivunja kwa maelfu, wakiiona takataka, ni mayai, na kwamba "shetani" wao ni mama aliyebaki peke yake kulea kizazi kizima. Wachimbaji wanakuja mbio na marungu ili walipize kisasi cha wenzao. Wanapoelezwa, mikono yao inashuka. Daktari McCoy anaagizwa kutibu jeraha la kiumbe aliyeumbwa kwa jiwe. Ananung'unika kwamba yeye ni daktari, si mwashi, kisha anafanya kazi hiyo kwa saruji, na jeraha linaanza kupona.

Vazi la kiumbe yule ni la mpira, mwanangu, na chini yake kuna mtu anayetambaa. Unaliona wazi. Hata hivyo kilio cha Spock kinakuingia mwilini, na unapofika mwisho umekwisha sahau kwamba ulikuwa ukitazama mpira. Inafaa pia ujue kwamba William Shatner, aliyemwigiza Kirk, alifiwa na baba yake wakati sehemu hii ikipigwa picha, naye aliendelea na kazi siku hiyo kabla ya kuondoka kwenda kumzika. Sijui kuitazama tena bila kulikumbuka hilo.

Nguzo ya kila kisa ni watu watatu, na sidhani kama tamthilia ingeishi bila wao. Spock hupima jambo kwa akili, McCoy hulipima kwa huruma, na Kirk hukaa katikati akijua kwamba lazima atoe uamuzi kabla hajapata uhakika. Hawa wawili humbishania Kirk mbele yetu, na mara nyingi kila mmoja ana haki yake. Uzuri ni kwamba hawachukiani. Ugomvi wao ni wa watu ambao kila mmoja angekufa kwa ajili ya mwenzake. Leonard Nimoy alimjenga Spock kwa vitu vidogo sana: unyushi unaoinuliwa, sauti isiyopanda, na ile salamu ya vidole vilivyogawanyika pawili, ambayo aliichukua kutoka katika baraka za makuhani wa Kiyahudi aliyoiona katika sinagogi la Boston alipokuwa mtoto. Kutoka kwa mhusika anayesema hana hisia, mtazamaji hujifunza kutazama uso kwa makini zaidi kuliko kawaida.

Sasa nije kwa Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo, kwa sababu hapa tamthilia inatugusa sisi wenyewe. Jina lake limetokana na uhuru, na alipewa katika miaka ambayo neno hilo lilikuwa bado la moto. Na katika sehemu ile ile ya siku ya kwanza, yule kiumbe wa chumvi anamjia kwa sura ya kijana mwanaume na kumsemesha Kiswahili. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alikuwa mwanamke mweusi aliyekaa katika chumba cha uongozi cha chombo akiwa afisa, katika nchi ambayo sheria ya kulinda haki ya weusi ya kupiga kura ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipitishwe. Katika chumba hicho hicho alikaa Sulu, aliyeigizwa na George Takei, ambaye utotoni alifungiwa kambini pamoja na familia yake na serikali ya Marekani kwa sababu tu walikuwa na asili ya Kijapani. Na katika msimu wa pili akaongezwa Chekov, kijana Mrusi, ilhali Marekani na Urusi zilikuwa zimeelekezeana makombora. Kilichonivutia zaidi ni kwamba ndani ya chombo hakuna anayeshangaa. Hawatoi hotuba kuhusu kukaa kwao pamoja; wanasoma mitambo yao na kuijibu amri ya nahodha.

Nichols mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha ili arudi kwenye jukwaa la muziki, na kwamba Martin Luther King alimsihi abaki, akimweleza kwamba kwa mara ya kwanza watu walikuwa wakiwaona weusi kama inavyopasa waonekane. Alibaki. Kuanzia mwaka 1977 alifanya kazi na NASA kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Mwezi Septemba 1992, Mae Jemison, aliyekuwa akimtazama Uhura tangu utotoni, alikwenda angani, mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kufanya hivyo, na alikuwa akianza zamu zake kwa maneno ya Uhura ya kutangaza kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Nikilinganisha hilo na kile kisanduku chenye kifuniko, najua lipi lilitabiri zaidi.

Kasoro zake sitazificha. Uhura alistahili kupewa mengi zaidi ya kufanya kuliko alivyopewa, na wanawake kwa jumla walivikwa sketi fupi na kuandikiwa visa vya mapenzi yanayokwisha wiki hiyo hiyo. Katika kipindi kile cha majaribio kilichokataliwa, msaidizi wa nahodha alikuwa mwanamke. Mhusika huyo akaondolewa, na sehemu ya mwisho kabisa ya tamthilia inamhusu mwanamke anayelalamika kwamba wanawake hawapewi unahodha. Inaniuma kwamba watu walioweza kuona mbali hivyo kuhusu rangi na taifa hawakuona hatua mbili mbele katika hili. Pia ziko sehemu zinazosema jambo lao kwa sauti kubwa mno, kama ile ya mwaka 1969 ya watu wawili wanaochukiana kwa sababu mmoja ni mweusi upande wa kulia wa mwili na mwingine upande wa kushoto. Nia yake naiheshimu, lakini namwona yule mama wa mgodini akinifikisha mbali zaidi bila kunishika mkono.

Ukitaka kuanza, usianze mwanzo wala usifuate mpangilio. Anza na ile ya mgodi. Ile ya ubongo wa Spock kuibwa, inayofungua msimu wa tatu, iache hadi uwe umekwisha wapenda hawa watu kiasi cha kuwasamehe. Ya pili itazame "The City on the Edge of Forever" ya Aprili 1967, ambamo Kirk anarudi nyuma hadi miaka ya 1930, anampenda mwanamke mwema aitwaye Edith Keeler, kisha anagundua kwamba historia itanyooka tu iwapo mwanamke huyo atakufa. Usikubali mtu akusimulie inavyokwisha kabla hujaiona mwenyewe. Ukimaliza niandikie unieleze kama nahodha alifanya haki, maana mimi na mama yako tumelibishania jambo hilo tangu kabla hujazaliwa, na hadi leo hakuna aliyemshinda mwenzake.

Wako akupendaye,
Baba