Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Wanaoishi na uvimbe wa neva ya kusikia waelezwe hatari ya damu kuvuja

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa niaba ya watu waliokutwa na shwanoma, yaani uvimbe unaoota kwenye ala ya neva, katika neva ya nane ya fuvu, ile ya kusikia na ya kuupa mwili mizani. Uvimbe huu si saratani. Mara nyingi hukua polepole mno, mwingine haukui kabisa, hivyo kusubiri huku ukipigwa picha za MRI ni uamuzi halali wa kitabibu. Ninacholalamikia ni kimya kinachofuata: mgonjwa hupewa tarehe ya kurudi, haelezwi cha kuogopa.

Mara chache, damu huvuja ndani ya uvimbe. Unatanuka ghafla mahali pasipo na nafasi, kando ya shina la ubongo, na neva ya saba inayoendesha uso imepita papo hapo. Kichwa huuma vikali, mtu hutapika, sikio huziba, uso hufa ganzi au kupinda. Njia ya maji ya ubongo ikibanwa, mgonjwa husinzia na anaweza kupoteza fahamu. Wenye uvimbe mkubwa na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, wanahitaji uangalizi zaidi.

Dada yangu alipofikwa na hayo alipewa dawa ya kizunguzungu, akarudishwa nyumbani. Simlaumu aliyempokea. Hakuwa na mwongozo wa kumkumbusha aulize kama mgonjwa ana uvimbe kichwani, wala wa kumwagiza apige CT haraka, kipimo kinachoonyesha damu mbichi.

Utaambiwa tatizo hili ni nadra. Ni kweli, na ndiyo sababu liandikwe: daktari anaweza kustaafu bila kuliona hata mara moja, na mgonjwa wake wa kwanza hatakuwa na muda wa kumsubiri ajifunze.

Naomba liingizwe kwenye mwongozo wa huduma za dharura. Kila anayefuatiliwa apewe karatasi ya dalili za hatari, kwa lugha anayoielewa. Na kabla ya kuandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, daktari wa moyo azungumze na anayefuatilia uvimbe. Mgonjwa naye aonywe asiiache dawa hiyo kwa uamuzi wake, maana anaweza kupata kiharusi.

Mwongozo utakapopitiwa upya, tafadhali tuiteni sisi tunaouguza. Tutakuja.

Wako mwananchi,
Ndugu wa mgonjwa