Ratiba ya treni Ulaya ihesabiwe kwa usiku

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua kuhusu ratiba za likizo ya Ulaya kwa treni, zile zinazochapishwa kwenye kurasa za safari. Nyingi ni orodha ya miji tu: Amsterdam, Brussels, Paris, Zurich, Milan, Venice, Florence, Roma, siku kumi. Anayeifuata ratiba ya namna hiyo atazijua stesheni kuliko miji yenyewe. Ratiba isiyoonyesha idadi ya usiku kila mji haijakamilika, na ningependa gazeti lianze kuchapisha ratiba pamoja na idadi hiyo.

Siku ya kuhama ndiyo inayokula likizo. Chukua Paris hadi Amsterdam, mwendo wa saa 3 na dakika 20 hivi. Chumba unakirudisha asubuhi, unafika stesheni nusu saa kabla, unasafiri, unatafuta tramu, kisha unasubiri chumba kipya ambacho hoteli nyingi hukitoa kuanzia saa tisa alasiri. Mchana umekwisha. Kwa hiyo kila uhamisho uhesabiwe nusu siku hata kama treni yenyewe ni ya saa mbili. Ukizidi saa tano, uhesabiwe siku nzima. Mwenye usiku 14 akihama mara saba ametupa siku tatu na nusu. Miji minne inamtosha, na mji wa kwanza upewe usiku mwingi kidogo kwa sababu ya uchovu wa ndege. Usiku mmoja mahali popote uepukwe, isipokuwa pale ambapo treni ya kuunganisha haipo hadi kesho yake.

Tiketi ya ndege nayo ikatwe kwa kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Kurudi ulikoanzia ni siku nzima ya kupita njia ileile bila faida.

Mfano mzuri wa mstari ulionyooka ni Berlin usiku 3, Prague 3, Vienna 4, Budapest 3. Berlin hadi Prague ni saa 4 na robo hivi, Prague hadi Vienna saa 4, Vienna hadi Budapest saa 2 na dakika 40. Treni za moja kwa moja zipo nyingi mchana kutwa, kwa hiyo ukichelewa moja hujakwama. Ukitoka Berlin kaa dirisha la kushoto: baada ya Dresden reli inafuata mto Elbe kati ya miamba, na mto uko upande huo. Vienna imepewa usiku wa nne kwa makusudi, maana Bratislava iko umbali wa saa moja tu. Unakwenda asubuhi na kurudi jioni, mizigo ikibaki chumbani. Kuona miji midogo kwa mtindo huo, ukilala mji mmoja, kunachosha kidogo sana kuliko kuhama na masanduku. Kumbuka tu kwamba Prague hutumia koruna na Budapest forinti, si euro.

Linganisha na Amsterdam, Paris, Barcelona, Roma. Kwenye ramani inapendeza. Paris hadi Barcelona ni karibu saa saba, bado inavumilika. Lakini Barcelona hadi Roma hakuna treni ya moja kwa moja, na kuunganisha kunakula siku nzima na zaidi. Hapo panda ndege, au Roma uiache kwa safari nyingine.

Makosa mengi hutokea kwenye majina. Mbao za stesheni huandika jina la wenyeji: Praha, Wien, München, Köln, Firenze. Treni ya kwenda Lille, kwenye stesheni za Ubelgiji wanakosema Kiholanzi, inaandikwa Rijsel. Venice ina stesheni mbili: Mestre iko bara, Santa Lucia iko kisiwani penyewe, na mgeni anayeshuka Mestre kwa haraka hujikuta anatafuta treni nyingine ya kuvuka. Paris ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa haina stesheni moja kuu. Treni za London, Brussels na Amsterdam hufika Gare du Nord. Za Strasbourg na Frankfurt huondokea Gare de l'Est. Za Lyon, Nice, Zurich na Barcelona, Gare de Lyon. Kutoka Gare du Nord hadi Gare de Lyon, treni ya mjini iitwayo RER D inasimama mara moja tu njiani, ila weka saa moja na nusu kati ya treni na treni, na mbili ukiwa na watoto.

Hilo la muda wa kubadilisha treni linastahili mkazo. Programu za kukatia tiketi hukubali kukupa dakika nane au kumi za kuvuka majukwaa, na mwenye sanduku la kilo 20 hawezi. Ujerumani mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la huko, zilizofika kwa wakati, na wao huita "kwa wakati" hata treni iliyochelewa karibu dakika sita. Ukibadilisha treni nchini humo, weka saa nzima, na usipande treni ya mwisho ya siku.

Safari yote ya siku moja ikiwa kwenye tiketi moja, treni ya kwanza ikichelewa, unayo haki ya kufikishwa mwisho wa safari kwa treni nyingine. Ukiwa umekata tiketi mbili kando kando ili kuokoa euro chache, ya pili inaweza kupotea. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Juni 2023 inatoa fidia ya asilimia 25 ya nauli kwa ucheleweshaji wa dakika 60 hadi 119, na asilimia 50 kuanzia dakika 120, isipokuwa pale chanzo ni jambo kama hali ya hewa iliyokithiri. Fidia hiyo huombwa. Usitarajie ije yenyewe.

Kuhusu pasi, yaani tiketi moja ya kupandia treni za nchi nyingi kwa siku kadhaa: wasioishi Ulaya hununua Eurail, wakazi wa huko Interrail. Kwa safari tatu au nne zilizopangwa mapema, tiketi za kawaida zilizokatwa miezi miwili au mitatu kabla mara nyingi ni nafuu kuliko pasi. Pasi hufaa zaidi Ujerumani, Austria, Uswisi na Uholanzi, ambako treni nyingi hupandwa bila kuweka nafasi. Ufaransa, Italia na Uhispania, treni za mwendo kasi hutaka ulipie siti juu ya pasi, na zile siti za wenye pasi huisha. Treni ndogo za mikoani, kama Florence hadi Pisa, bei yake haipandi, basi usihangaike kuzikata mapema. Ila tiketi ya karatasi ya treni hizo Italia lazima igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi atakutoza faini.

London iwekwe mwanzo au mwisho wa safari, kamwe isiwe katikati. Uingereza haimo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na inataka viza yake. Mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara moja akienda London kutoka Paris, viza hiyo imekwisha kazi na hawezi tena kuingia Amsterdam. Maombi ya Schengen yapelekwe ubalozi wa nchi utakayokaa usiku mwingi zaidi, jambo ambalo huwezi kulijua kabla ya kupanga usiku wako.

La mwisho ni saa. Tiketi za huko huandikwa kwa mtindo wa saa 24. 20:05 ni saa mbili na dakika tano usiku, na wapo wanaofika asubuhi kuisubiri. Treni ya usiku iliyoandikwa tarehe 12, saa 00:15, inaondoka usiku ambao sisi bado tunauita wa tarehe 11. Ukienda stesheni tarehe 12 jioni, imeshaondoka karibu siku nzima iliyopita. Mnapochapisha ratiba, tafadhali andikeni saa kwa namna zote mbili.

Msomaji wako