Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: vijana wetu na safari ya chuo kikuu

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wanachama, wazazi, walezi, na ninyi vijana mliolala njiani kutoka Yaeda Chini na Mongo wa Mono ili mfike leo, karibuni sana.

Hesabu za fedha atazisoma Mhazini. Mimi nitazungumzia jambo lililoninyima usingizi mwaka huu. Tumezoea kusema watoto wa Kihadzabe, wawindaji na warina asali, na wa Kidatoga, wafugaji, wanakwamishwa na mtihani na ada. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa tangu 2016, na ya kidato cha tano na sita ikafuata 2022. Fedha za hewa ukaa, yaani malipo ya kutunza misitu, za vijiji vya bonde letu la Yaeda nazo zimekuwa zikisaidia gharama za shule. Sharti la kuingia shahada ya kwanza ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita, zenye jumla ya pointi 4.0, yaani hata D mbili zinafikisha. Wapo wanaozipata. Kisha wanapotea kati ya tangazo la matokeo na siku ya kwanza chuoni.

Nitaeleza ya kijana mmoja bila kumtaja jina, maana jina lenyewe ndilo lililomponza. Alipozaliwa, mama yake alimpa jina la Kihadza linaloanza na ile sauti ya kugonga ulimi ambayo herufi za Kiswahili hazina. Mwalimu wa darasa la kwanza akaliandika alivyolisikia. Sekondari wakaliandika vingine. Cheti cha kuzaliwa kilipokuja kutafutwa, kijana akiwa tayari amemaliza kidato cha sita, kikatoka na tahajia ya tatu. Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo hutakiwa cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na majina yalingane na ya vyeti vya shule. Hayakulingana. Ombi likarudi.

Nilikwenda naye kwa mama yake kuuliza tarehe ya kuzaliwa. Mama alikuwa anapasua ubuyu juu ya jiwe, akatujibu bila kuinua macho: "Ni mwaka ule wa njaa, wanyama walipokufa kando ya ziwa." Tukajua ni ukame wa 2006. Karani wa ofisi moja alitaka siku na mwezi, akatuambia turudi tukiwa navyo. Tulirudi mara tatu, na kila safari ni nauli. Hati ya kiapo ya majina ilipopatikana, dirisha la mkopo lilikuwa limefungwa. Kijana yule sasa anabeba vitunguu kwenye mashamba ya Mang'ola akisubiri mwakani. Kosa hili ni letu pia. Tulimsubiri afaulu ndipo tuanze kutafuta karatasi.

Kalenda nayo haina huruma. Mtihani ni Mei, wengine wanakwenda kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na mkopo na udahili vinaombwa miezi hiyohiyo. Fomu inahitaji mdhamini, saini ya serikali ya kijiji, na saini ya hakimu au kamishna wa viapo. Kwa anayeishi mjini ni kazi ya asubuhi moja. Kwa mzazi aliyehamia na mifugo upande mwingine wa bonde, ni wiki nzima.

Jambo la pili tuliliona kwenye kambi yetu ya likizo ya kuwaandaa vijana kwa chuo. Mwalimu mmoja wa chuo alijitolea kuwapa vijana mhadhara kama wa mwaka wa kwanza: dakika arobaini, Kiingereza kitupu, ubaoni hakuandika neno. Vijana walikaa na kalamu mkononi wakisubiri notisi za kunakili. Hazikuja. Mwishoni nikapita nikitazama madaftari. Mengi yalikuwa na kichwa cha somo tu. Binti mmoja alikuwa na ukurasa mzima, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na pembeni alama zake mwenyewe. Nilimuuliza ni za nini. Akasema, "Baba, hizo ni sehemu nilizoelewa kwa Kihadza."

Hapo ndipo tulipobadilisha ratiba. Mtoto wetu anakutana na Kiswahili shuleni kama lugha ya pili, na Kiingereza, ambacho sekondari kinakuwa lugha ya kufundishia, kwake ni cha tatu. Basi baada ya kila mhadhara tuliwapa nusu saa ya kujadiliana kwa lugha ya nyumbani, Wahadzabe peke yao na Wadatoga peke yao, halafu wakaandika muhtasari kwa Kiingereza. Siku ya nne madaftari yalianza kujaa. Kihadza kina wasemaji kama elfu moja, na hakijaonekana kuwa ndugu wa lugha nyingine yoyote. Nilifurahi mno kukisikia kikitumika kuchambua seli na sheria ya mwendo.

Tuliwafundisha pia mambo ambayo ndugu zao wa mjini huyajua kwa kaka na dada zao: bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, linaingiaje na linaisha lini, sapu, yaani mtihani wa marudio, ni nini, na kwamba wengi wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, walianza kwa kunyamaza.

Mzee mmoja aliniuliza: vijana wakienda huko chuoni, bonde atalilinda nani? Swali lake ni la haki. Nilimkumbusha hati ya kimila ya ardhi ya mwaka 2011, iliyowapa Wahadzabe haki ya pamoja juu ya ardhi yao. Hati ile inahitaji watu wetu wenyewe wa kuisoma, kuitetea na kupima mipaka yake. Aliniambia atafikiri. Mjukuu wake alikuja kambini.

Kwa mwaka ujao Kamati inaomba kibali chenu kwa mambo mawili. Vyeti vya kuzaliwa vishughulikiwe mtoto akiwa kidato cha pili, majina yasahihishwe kabla ya kusajiliwa mtihani wa kidato cha nne. Na kambi iwe mara mbili kwa mwaka.

Wenye watoto kidato cha kwanza na cha pili, kabla hamjaondoka pitieni meza ya Katibu. Kama una kadi ya kliniki, ilete. Kama huna, njoo na mtu anayeukumbuka mwaka ule.

Mwenyekiti