Ukipona tuambie dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe la moyoni. Najua wapo wasomaji wako wanaotumia Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na wapo wanaoogopa kuhamia huko kwa sababu wameambiwa ukikwama huna wa kumpigia simu. Hilo la simu ni kweli kwa wengi wetu tusiolipia msaada. Leseni yenyewe ya kerneli, yaani kiini cha huo mfumo, inaitwa GPL, nayo inasema wazi programu inatolewa bila dhamana yoyote, kwa hiyo ikikuzimikia usiku wa manane hakuna anayedaiwa maelezo. Ila msaada upo, tena mwingi, unatoka kwa watu ambao hawakujui wala hawakudai kitu. Mi ninaowalalamikia leo sio wanaosaidia, ni sisi tunaosaidiwa.

Kuna siku niliapdeti laptopu yangu nikaiwasha upya, waifai hakuna. Sio kwamba haishiki mtandao, yaani haipo kabisa, hata kile kialama chake kimepotea. Nikatafuta kwa simu nikakuta mtu ana shida ileile, kadi ileile, mpaka namba ya kerneli ileile, nikasema leo nimeokota embe dodo chini ya mnazi. Watu wamemuuliza maswali, kaweka logi zake, yaani kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia, wamejadiliana weee, afu ujumbe wa mwisho kabisa ni wa kwake mwenyewe: "Tayari imekubali, asanteni sana." Basi. Imekubali vipi? Ulifanya nini ndugu yangu? Hakusema, na alishaenda zake miaka miwili nyuma.

Nikahangaika na hiyo kitu jioni mbili. Aliyenitoa ni mtu mmoja aliyeniambia niendeshe amri mbili tu, uname -r inayoonyesha kerneli gani inatumika sa hivi, na lspci -k inayoorodhesha vifaa pamoja na draiva, yaani programu ya kukiendesha, iliyoshika kila kifaa. Kadi ya waifai ikaonekana vizuri, ila mstari wa draiva haukuwepo. Kumbe draiva yangu haiji na kerneli, ni ya zile zinazojengwa pembeni upya kila kerneli mpya inapoingia, na ili ijengwe inahitaji faili za heda (vipande vya msimbo) za kerneli hiyohiyo, mimi sina, kwa hiyo ikafeli kimyakimya na apdeti ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Akaniambia washa tena, kwenye menyu ya GRUB, ile inayotangulia kabla mfumo haujawaka, chagua kerneli ya zamani, waifai itarudi. Ikarudi. Nikashusha heda, draiva ikajengwa, nikarudi kwenye kerneli mpya kila kitu shwari. Dakika kumi, ukitoa zile jioni mbili.

Sasa yule wa "imekubali" angeandika mstari mmoja tu, "sikuwa na heda za kerneli", mi nisingemsumbua mtu yeyote. Na sio mimi peke yangu, nina hakika wengi wamepita pale pale wakaishia kukuna kichwa.

Ajabu ni kwamba huu mfumo wenyewe ulianza kwa mtu kuuliza. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo mwingine wa kompyuta wa wakati ule, kuwa anaunda mfumo wake kwa kujifurahisha tu, akawaomba wamwambie wanapenda nini na hawapendi nini. Angekuwa na tabia yetu angechukua majibu akasema asanteni akapotea.

Debian, watengenezaji wa toleo moja la Linux ambao wapo tangu 1993, naona hili walilielewa mapema. Kwao kila hitilafu ina namba yake, na ukitaka kuifunga unaandika barua pepe kwenda kwa namba hiyo iliyofuatiwa na neno done, na unatakiwa ueleze kwa nini unaifunga. Barua hiyo inamfikia yule aliyeripoti. Hiyo ndo nidhamu ninayoisema.

Halafu na kuuliza kwenyewe jamani. "Kompyuta haiwaki nisaidieni haraka." Haiwaki kivipi? Haina hata taa, au inafika GRUB inaishia hapo, au nembo inatokea afu skrini nyeusi, au inakuangusha kwenye hali ya dharura inaomba nywila? Hayo ni magonjwa tofauti kabisa. Hali ya dharura mara nyingi ukifungua faili ya /etc/fstab, yenye orodha ya diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, unakuta mstari unaoita diski ambayo haipo tena au namba yake ya UUID imebadilika baada ya kufomati, wakati ile skrini nyeusi mara nyingi ni mambo ya draiva ya grafiki, unajaribu kuongeza neno nomodeset wakati wa kubuti uone kama inapita. Mtu hawezi kujua yupi ni wewe kama hujasema. Tena ukishafanikiwa kuingia, journalctl -b -1 inakupa logi za ule uwashaji uliopita, yaani ule uliokufa, mradi tu mfumo wako unatunza logi kwenye diski. Bandika hayo maandishi kama maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kiubavuubavu, na kidole chako kinaonekana, haisomeki na kesho mtu akitafuta lile kosa hataipata kwa sababu picha haina maneno ya kutafutika. Ndo maana pia sipendi watu wanaosema "nifuate inboksi nikueleze", dawa ya inboksi inamponya mtu mmoja.

Wanaojibu nao wana yao, siwatetei. Wapo wa kumwambia mgeni "soma mwongozo" bila kumwonyesha ukurasa, na hata Torvalds mwenyewe Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa lugha yake kali kwa wenzake. Wapo wabaya zaidi, wanaompa mgeni rm -rf, amri ya kufuta bila kuuliza, kama utani, mtu anapoteza mafaili yake yote. Kwa hiyo mgeni, amri usiyoielewa usiibandike, hasa ikianza na sudo, neno linaloipa amri mamlaka yote ya mashine, andika kwanza man na jina la hiyo amri usome inafanya nini. Ni kazi ya dakika mbili tu.

Na usiniambie wewe sio mtaalamu huwezi kuchangia. Ukijua kerneli fulani ilikuwa nzima na fulani ni mbovu, git bisect, zana ya kutafuta badiliko lililoharibu, inakupeleka katikati, unajaribu, unasema nzima au mbovu, inagawa tena nusu. Mabadiliko 1,000 unayamaliza kwa majaribio kama 10 hivi. Hujaandika hata mstari mmoja wa programu, kazi yako imekuwa uvumilivu na kuwasha mashine mara kumi, na msanidi anapewa badiliko lenyewe lililoharibu mkononi.

Ile ya waifai nilirudi pale pale nikaandika, kadi gani, kerneli gani, lspci ilionyesha nini, heda zilikosekana, nilipakua pakiti gani. Mistari mitano. Baada ya wiki chache mtu akaandika chini yake kwamba imemsaidia, ila kwake yeye heda zilikuwepo, kilichozuia ni Secure Boot, ule ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, kukataa draiva isiyosainiwa, akaeleza alivyoisaini. Sasa hapo pana dawa mbili.

Msomaji wako