Saa zake ziko sawa

Ndugu Mhariri,

Nilipostaafu nilijiapiza kutozungumza tena habari za ndege, na mwaka wa sita huu nimenyamaza. Lakini taarifa yenu ya Jumapili, kwamba rubani aliyekataa kuruka alfajiri "alishindwa kupangilia usingizi wake", imenishinda. Mwandishi wenu kamuuliza msemaji wa kampuni, kajibiwa kwamba saa zake zote za kazi na mapumziko zilikuwa ndani ya sheria, kafunga daftari.

Mimi nilikuwa mpanga zamu za marubani. "Ndani ya sheria" naijua vizuri, maana kazi yangu ilikuwa kuiminya ratiba mpaka iingie humo. Marekani, kwa mfano, tangu 2014 rubani wa ndege ya abiria lazima apate mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake saa 8 za kulala bila kukatizwa. Vizuri. Sasa zianze saa nne asubuhi, hotelini, jua limewaka, korido inafagiliwa. Kompyuta inahesabu saa, usingizi haiuhesabu. Jina la rubani likigeuka kijani kwenye skrini, yaani saa zimetimia, nilihamia jina lingine.

Usiku mmoja, saa tisa na dakika kidogo, simu ikalia. Kapteni mmoja, mtu mzima, mpole, akaniambia: "Mwanangu, hii karatasi ya hali ya hewa nimeisoma mara tatu na sijui nimesoma nini." Alikuwa amelala saa mbili tu tangu asubuhi. Nikamwomba asubiri, nikampigia bosi wangu, ambaye yeye nilimtoa usingizini. Akauliza swali moja: saa zake ziko sawa? Nikasema ziko sawa. "Basi akikataa, aandike barua ya kujieleza." Nikamfikishia kapteni maneno hayo kama yalivyo, Mungu anisamehe. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Haya," akaenda kurusha ndege. Ilitua salama, ndiyo maana nanyi hamkuiandika. Mwezi uliofuata, kwenye kikao cha usalama, ikatangazwa kwamba hatukupokea taarifa hata moja ya uchovu. Tukapigiwa makofi.

Kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, haziutupi mzigo huu kwa rubani peke yake. Yeye ana wajibu wa kufika kazini akiwa amepumzika, na akijiona hafai, aseme. Kampuni nayo ina wajibu wa kumpangia zamu zinazolalika, kumfundisha kuutambua uchovu kabla haujamzidi, kuweka kumbukumbu za saa zake, na kuipokea taarifa yake bila kumwadhibu. Kampuni zimekariri ile nusu ya kwanza tu! Na kile kikomo cha saa kiliwekwa kiwe ukuta wa mwisho, wao wamekigeuza kuwa shabaha, kila mwezi wanakigonga na kujisifu kwa "matumizi bora ya wafanyakazi". Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa. Usiku wa kuamkia safari hiyo kapteni alilala kwenye chumba cha mapumziko uwanjani, na msaidizi wake alikuwa angani, akivuka nchi nzima kuja kazini. Ilibidi hayo yatokee ndipo Wamarekani waandike upya saa zao, na hata hapo marubani wa mizigo wakaachwa nje. Sijui nani aliwaambia kwamba anayebeba masanduku hasinzii.

Na hili nalo liandikwe, ingawa si la taarifa yenu: lile tangazo kwamba ndege imechelewa au imeahirishwa kwa "sababu za kiutendaji". Mara nyingine maana yake ni kwamba marubani saa zao zimeisha na hakuna wa akiba, kwa kuwa wa akiba ni gharama. Abiria hawaambiwi hivyo. Wanamwona rubani akivuta sanduku lake kwenda kulala, wanamzomea.

Dawa ninayo. Mkurugenzi wa ratiba na yule msemaji wapewe vyumba viwili vinavyopakana na lifti, walale saa nne asubuhi kwa siku tano mfululizo. Kila saa tisa usiku wakae mezani na penseli, wakokotoe uzito wa ndege, mafuta na urefu wa njia ya kurukia, huku mtu amesimama mlangoni akitazama saa. Atakayekosea hata tarakimu moja aandike barua ya kujieleza. Nakala niletewe mimi.

Mpanga zamu mstaafu